Fundo Moja, Mafundo Mawili

Mwanatatu wa Majengo hakuwahi kukata gauni la mtu. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi nikishuka Embu mjini nasikia watu wakisema eti mafundi wa zamani walikuwa wanakatakata tu. Wengine labda. Yeye, hapana. Gauni likiwa kubwa alilikunja kwa ndani, akashona juu ya mkunjo, na kitambaa kilichozidi kikalala humo kikingoja bibi harusi mwingine mwenye mwili zaidi.

Nyumba yake, pale mtaa wa Majengo mjini Embu, ilikuwa ya udongo, imeezekwa madebe yaliyopigwa nyundo, si mbali na mtaa wanaouita Dallas leo. Baba yake alikuja akiwa mpagazi wa safari za Wazungu, kutoka Umanyema huko, akafika Embu akachoka, akakaa. Mumewe Idrisi alikuwa na bucha. Idrisi hakutaka mke wake akae barazani pa Mhindi kushona pamoja na wanaume, kwa hiyo cherehani ya mkono iliwekwa nyumbani, juu ya mkeka, na mji mzima ulimfuata hapo. Sisi wote tulimwita Mama Sulemani.

Alikuwa na gauni moja la satini nyeupe, mikono mirefu, lesi shingoni. Alilinunua kwa mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa akiuza vitu vyake arudi kwao. Gauni hilo moja liliwavisha mabinti wa Kikristo kutoka Embu mpaka Mbeere, kila mmoja akirekebishiwa, akilivaa, akilirudisha. "Mimi Mwislamu nimeozesha Wakristo wengi kuliko padri wenu," alikuwa akisema, na hakusema kwa utani sana.

Sharti lake lilikuwa moja. Lete mwili. Hakutaka kusikia wewe ni mnene kama nani au mrefu kama nani. Ulisimama juu ya sanduku lililopinduliwa, akakuzunguka na pini mdomoni, na ole wako uvute pumzi vibaya.

Halafu Imajensi ikatukuta, ile hali ya hatari ya serikali ya Wazungu. Sisi wa huku juu tulibomolewa nyumba zetu tukakusanywa kijijini, handaki likikizunguka chote, vijiti vilivyochongwa ndani ya handaki, na lango moja lenye homugadi, askari wa serikali aliyetoka miongoni mwetu. Kwenda mjini ni kwa pasi. Mtu wa Majengo akipatikana amelaza au amekaribisha mtu wa rizavu, yaani sisi wa vijijini, bila ruhusa, anafungwa yeye na mgeni wake. Na Mwanatatu mwenyewe hakuruhusiwa kupanda huku. Sasa mwili utaletwaje?

Ndipo akalazimika kutumia kamba. Aliichukia hiyo kamba, lakini aliipanga vizuri. Ilikuwa ya katani, na ncha moja imefungwa uzi mwekundu. Unaanzia kwenye uzi, unamzungushia binti kifuani, pale inapofika unafunga fundo moja. Unaanza upya kwenye uzi, unazungusha kiunoni, unafunga mafundo mawili yaliyobanana. Unaanza tena, makalioni, mafundo matatu. Sasa mtu mwenye akili ataona kwamba kiuno cha msichana ni kidogo kuliko kifua. Kwa hiyo ukihesabu kutoka kwenye uzi mwekundu utakutana na mafundo mawili kwanza, halafu moja, halafu matatu. Akina mama wenye mabinti wa kuolewa katika vijiji vyote waliijua. Kamba zilishuka, gauni likapanda, likashuka tena.

Mimi nilipoposwa na Nyaga, mfunga vidonda katika zahanati ya serikali, D.O., ofisa Mzungu wa tarafa, alitupa ruhusa ya Jumamosi moja tu. Jumatatu Nyaga alikuwa anahamishiwa Maua, na aliambiwa wazi kwamba asipooa Jumamosi hiyo ataondoka peke yake na hakuna pasi ya mchumba itakayoandikwa baadaye. Na mhubiri wetu alikuwa mtu wa sheria. Binti mwenye mimba hakuvikwa nyeupe, hakupita katikati ya kanisa. Alifungishwa ndoa upande wa mlango wa nyuma, watu wakimtazama viatu. Kwa hiyo ukija bila nyeupe, kila mtu ameshajua, hata kama hakuna cha kujua.

Mama yangu, Wanja, alinipima. "Simama vizuri, Rwamba. Usijaze kifua, hapa hatununui ng'ombe." Akafunga mafundo yake, akamkabidhi Karambu.

Karambu alikuwa mjane, mzaliwa wa Muthara, aliyeolewa huku kwetu. Alikuwa na pasi ya kupeleka nduma mjini na mdomo ambao haukuhitaji pasi. Langoni siku hiyo alisimama homugadi Kathuri, mtoto wa mzee Thuranira wa kijijini kwetu, ambaye tulisoma naye mpaka akakimbia shule. Haya yaliyosemwa langoni tuliyapata baadaye, lakini nayaweka hapa mahali pake.

"Hii ni nini?" Kathuri akauliza.

"Ni kifua cha Rwamba."

"Karambu, usinichezee. Kamba yenye mafundo na uzi mwekundu! Hiki ni kiapo cha watu wa msituni."

"Kama ni kiapo basi umeshakishika. Wewe ndiye umekula."

Hapo Karambu alikosea. Kathuri alikasirika, akayafungua mafundo yote, akatafuta ndani sijui nini, karatasi au nini, na katika fundo la katani kunaingia karatasi gani? Hakuona kitu. Akamrushia kamba. "Pita."

Akirudi kijijini nipimwe upya, pasi ya siku hiyo imekufa na nduma zinaoza. Karambu akakaa kando ya barabara. Kamba ya katani ikifungwa fundo hubaki na kovu, kwa hiyo mahali patatu alipaona, ila idadi ya mafundo ya kila mahali haikuonekana. Akafunga: la kwanza moja, la pili mawili, la tatu matatu. Moja, mbili, tatu, kama tulivyofundishwa kuhesabu. Akaendelea na safari yake akijisifu.

Mwanatatu alipoishika ile kamba aliipima, akaipima tena.

"Karambu, huyu binti yuko namna gani?"

Karambu akaogopa kusema mambo ya langoni, kwa sababu yeye ndiye aliyemchokoza askari. Akajibu, "Kamba imesema, Mama Sulemani. Mimi ni nani nibishane na kamba?"

Mwanatatu akafikiri kama mwanamke wa miaka ile. Njaa ya vijijini tuliijua sote. Akasema moyoni, maskini, njaa imemmaliza kifua, na hilo tumbo ni tumbo. Hakuuliza zaidi. Alikuwa mtu wa stara. Akafungua mikunjo yote ya kiuno, akatoa kila nafasi iliyokuwa humo, akabana kifua, na kwa huruma yake akaongeza utepe mbele uanguke vizuri, ufiche.

Ijumaa jioni gauni likafika. Nikalivaa. Kifua hakikufunga, vishikizo vilitazamana kwa mbali kama watu waliogombana. Kiunoni ungeweza kuingiza kuku.

Mama yangu aliuangalia utepe. Akauinua kwa kidole, akauachia. Akaniangalia mimi.

"Rwamba. Kuna kitu Mwanatatu anakijua na mimi sikijui?"

"Hakuna, mama."

"Fundi aliyeko mjini amekuwekea nafasi. Fundi hawezi kuweka nafasi ya bure."

"Mama, nakuapia."

"Usiape. Wakati huu si wa kuapa."

Nililia kwa hasira, si kwa haya. Nilikasirikia gauni, nikamkasirikia Mwanatatu, nikakasirikia handaki na kila aliyelichimba, na tulilichimba wenyewe. Karambu, aliyekuwa mlangoni, aliona mambo yanaharibika. Ndipo akasema yote: lango, Kathuri, mafundo.

Mama akachukua kamba iliyorudi pamoja na gauni, akaihesabu kwa kidole. "Moja, mawili, matatu," akasema. "Karambu, kiuno cha mwanangu ni kikubwa kuliko kifua chake?"

"Mimi nilifunga vizuri," Karambu akasema. "Nilifunga kwa mpango."

"Bora ungefunga mdomo."

Hatukuwa na cherehani. Gauni bila kurekebishwa, mhubiri angeuliza. Bila gauni, asingeuliza, angejua. Na siku ya pili haikuwapo.

Jumamosi asubuhi tukashuka kwa miguu na ruhusa yetu: bibi harusi, mama, Karambu, na askari wa kutusindikiza. Askari mwenyewe ni nani? Kathuri. Ruhusa ilisema kijiji mpaka kanisa. Haikutaja Majengo. Tulipofika njia ya kuingia Majengo nikasimama.

"Tembea," akasema Kathuri.

"Kathuri, ulifungua kifua changu langoni mbele ya watu. Leo utasimama mlangoni mpaka kifungwe."

"Nikionekana huko nitavuliwa sare."

"Na mimi nikionekana hivi?" Nikafungua kanga niliyojifunika.

Akatazama gauni, akatazama pembeni. Nadhani hata yeye alikuwa na dada. "Haya," akasema. "Kidogo tu, halafu naita."

Mwanatatu alifungua mlango. Alinitazama kifua, akanitazama kiuno, na nikaona akielewa. Hakunisalimu.

"Panda juu ya sanduku," akasema.

Karambu akaanza kueleza. "Nyamaza wewe," Mwanatatu akamwambia, pini tayari mdomoni. "Miaka sasa nashona kamba! Nashona katani! Nimesema lete mwili, lete mwili, mnaniletea mafundo. Nimemdhania mtoto wa watu mambo!" Mikono yake haikusimama. Alifumua kifua kwa wembe, na kwa kuwa hakuwahi kukata, kitambaa chote kilikuwa humo ndani kinangoja. Kifua kikafunga. Akashika kiuno upande wa kulia, akakunja, akaniambia vua, akakipitisha kwenye cherehani, akaniambia vaa. Akahamia kushoto. Akaweka pini, moja, nyingine.

"Basi!" Kathuri akaita nje. "Kuna gari la polisi linapanda!"

"Bado kushoto!"

"Mama, basi! Tutakamatwa sote na wewe!"

Mwanatatu alisimama na pini mkononi. Sijawahi kuona mtu akikasirika hivyo bila kupaza sauti. Aliziingiza pini zilizobaki kwa ndani, akazikunjia kitambaa. "Mkono wako wa kushoto uubane hapa," akaniambia. "Usiuinue mpaka umetoka kanisani. Ukiuinua, gauni litaniaibisha."

Nikaolewa hivyo. Nilipita katikati ya kanisa, mhubiri alinitazama kiuno, akafungua kitabu chake. Nyaga alinivisha pete, na pini ilinichoma mbavu kila nilipovuta pumzi. Katika picha mkono wa kushoto umebanwa ubavuni, na wajukuu huniambia, "Cucu, ulikuwa na maringo!" Sasa mnajua maringo yenyewe yalikuwa nini.

Lango lilipoondolewa na watu wakaruhusiwa kutembea, nilikuwa nimerudi kwa mama kujifungua mtoto wa pili. Mchana mmoja nikaona mwanamke wa buibui akipanda mlima, akihema, na kifurushi kichwani. Ni Mwanatatu. Alikuwa akimpelekea gauni binti wa jirani, ampime mwilini, nyumbani kwao. Lakini alipitia kwetu kwanza. Hakuomba hata maji. Akafungua kifurushi.

"Simama," akasema. "Kushoto sikumaliza."

"Mama Sulemani, harusi ilishapita."

"Harusi ni yako. Mshono ni wangu. Simama."

Nikasimama. Alinizungushia mikono kiunoni, ikasita. Akainamisha kichwa kuliangalia tumbo langu, limejaa, na mimba safari hii ilikuwa ya kweli.

"Hata leo," akasema, akikunja gauni lake kwa nguvu kama anapigana nalo. "Hata leo mwili ule wa harusi hamjaniletea."

Akabeba kifurushi chake akaenda kwa jirani.