Fimbo ya Guyo na Taa za Karakana

Siku yangu ya kwanza kazini Isiolo, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nilikabidhiwa ngazi ya mbao, kipima mwanga ambacho hakuna aliyewahi kukifungua, na amri moja.

"Dizeli inakuja kwa lori," alisema Mhandisi wa Wilaya bila kuinua macho, "na lori linakuja likipenda. Punguza umeme wa taa. Shahada yako ianzie hapo."

Karakana yetu ilitegemea jenereta iliyonguruma nyuma ya ukuta. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mabati kwa sababu ya upepo na vumbi, hivyo taa ziliwaka mchana kutwa. Zilikuwa taa za tyubu, mbili mbili kwenye kila fremu. Msomaji kijana huenda hajui kwamba tyubu haiwaki yenyewe: stata huishtua hadi ishike, kisha choki, yaani koili nzito ya waya uliozungushwa kwenye chuma, huzuia umeme usizidi kipimo.

Mpango wangu niliuona mzuri mno. Ningetoa tyubu moja kwenye kila fremu, na nyuma ya ile iliyobaki ningefunga bamba la alumini lililosuguliwa hadi likang'aa, ili mwanga uliokuwa ukipotea darini urudi mezani. Fundi Mkuu wa Umeme, Mzee Warsame, ambaye babu yake aliletwa Isiolo akiwa askari wa mkoloni, alinishikia ngazi.

"Wariya," aliniita, kama Wasomali wanavyomwita kijana, "wenye kutengeneza hii taa waliweka mbili. Uliwauliza kwa nini?"

"Hawakuwa na bamba, Mzee."

"Haya. Wewe ndiye umesoma."

Kipima mwanga kiliniunga mkono: mwanga juu ya meza ulipungua kidogo tu. Nilianza kuandika ripoti ambayo, nakiri, niliitarajia inipeleke Nairobi.

Aliyefanya kazi chini ya taa hizo ni Guyo, seremala Mborana aliyeendesha msumeno wa duara. Alikulia kwenye ng'ombe upande wa Garbatulla, na fimbo ya kuchungia hakuiacha hata kazini. Aliitumia kusukuma vipande vya mbao vilivyokwama kando ya meno ya msumeno. Mimi ilinikera. Katika wiki yangu ya pili nilimwambia aiache mlangoni.

"Guyo, hapa si boma. Chombo kisicho cha kazi kikae nje."

"Injinia, ng'ombe mgeni humshiki na mkono. Unamgusa kwanza na fimbo, ujue yuko aje."

"Huu ni msumeno."

"Hata huyo ni mgeni. Kila asubuhi ni mgeni."

Mafundi walicheka, nami nikaondoka nikiwa nimeshindwa. Fimbo ilibaki.

Siku mbili baada ya kumaliza kufunga mabamba, nilisimama karibu na Guyo nikipima mwanga. Alikuwa amemaliza ubao, na kibanzi kilikuwa kimekwama ubavuni mwa msumeno. Niliutazama msumeno. Ulikuwa umesimama. Niliyaona meno yake moja moja, nami nikadhani ameuzima.

"Toa tu kwa mkono," nikamwambia, "umeshasimama."

Guyo naye aliutazama. Mkono wake wa kushoto ulianza kwenda, kisha ukarudi, na wa kulia ukapeleka fimbo kama kawaida. Palisikika mlio mkali, na nusu ya fimbo ikagonga mabati ya dirisha. Msumeno ulikuwa ukizunguka kwa kasi yake yote. Mngurumo wa jenereta ulikuwa umemeza sauti yake.

Guyo alikiangalia kipande kilichobaki mkononi, kisha akaniangalia mimi. "Huyo ng'ombe wako, Injinia, analala na macho wazi."

Mzee Warsame alikuja mbio akauzima msumeno, akachukua kile kipande na kukipunga hewani chini ya taa. Hatukuona fimbo moja ikipita. Tuliona nyingi, zimepangana kama vidole. Akatoka nje, akakipunga juani: tukaona ukungu tu.

"Hii taa inapepesa macho," alisema.

Nilifungua fremu moja ya zamani iliyokuwa stoo na kuifuata waya kwa waya. Hapo ndipo nilipopata jibu la swali la Mzee Warsame, kwa nini waliweka mbili. Taa ya tyubu hufifia na kurudi mara mia kila sekunde, nasi hatuoni. Ikilingana na mzunguko wa msumeno, meno huonekana yametulia. Waliounda fremu ile waliweka kapasita, kifaa kidogo cha kuhifadhi na kuachia umeme, kwenye njia ya tyubu moja ili umeme wake utangulie kidogo. Moja ikififia, nyingine inang'aa. Tyubu niliyoihesabu kuwa ya ziada ilikuwa pale kulinda vidole.

Penye mashine nilirudisha tyubu zote mbili, ila za aina nyembamba zilizokuwa zimeanza kuletwa, ambazo hula umeme pungufu. Ofisini na stoo niliacha moja na bamba lake. Kisha niliandika ripoti upya.

"Umeandika 'nilikosea'," alisema Mhandisi wa Wilaya. "Kwenye karatasi ya serikali. Nani amekufundisha hivyo?"

"Seremala, bwana."

Alitia sahihi. Badala ya Nairobi nilipelekwa Garbatulla, kuweka taa za zahanati, kisha kwingine na kwingine, hadi nilipostaafu mapema, bado nikiwa na nguvu za kupanda ngazi.

Guyo alijichongea fimbo mpya, na ile nusu akanipa. "Weka wewe," alisema. "Mimi tayari ninajua." Ninayo hadi leo. Kila nilipoingia karakana ngeni niliipunga kwanza chini ya taa, kabla ya kumwambia mtu yeyote anyooshe mkono.