Siku Nilisemesha Amerika Kama mu Televizyo

Mi sipendake kuelezea hii habari, na kama munaniona nacheka wakati naielezea, mujue ni kicheko ya muntu mwenye kukosa pa kuweka uso. Lakini juu huku kwetu mu Pinga yote kila muntu anaielezea kwa namna yake (kuko hata wale wanasemaka eti nilimukamata yule mama wa Amerika mukono, uongo mutupu, sikumugusa hata nguo), heri muisikie ku kinywa yangu mwenyewe, niimalize, tuachane nayo.

Mi ni kinyozi. Niko na kasalo ya mbao pembeni ya soko, pano ya jua ya kutoa umeme juu ya mabati, televizyo ndani. Mutandao ya huku inakuya na kuenda vile inataka, basi ile tunaangaliaka ni vitu vyenye kuletwa mu flashi na watu wa pikipiki wenye kutoka Goma. Wengine wanapenda mupira, wengine nyimbo, mi nilijipendea seri (ile michezo ya vipande-vipande) za politike ya Amerika, zile zenye kutiwa Kifaransa, juu mule ndani watu wanavaa muzuri na masasi si mingi. Niko nanyoa, niko naangalia, niko natafsiri mu Kiswahili kwa wale wanangoja ku benchi. Na vile nilikuwa natafsiri kila siku, watu wakaanza kuamini najua, na mi nikaanza kuamini pamoja nao.

Mu zile seri Amerika ni inchi ya kutembea mbio mu kulwari (ile njia ndefu ya ndani ya nyumba kubwa, yenye milango huku na huku). Hakuna mukubwa anaikala. Wanatembea, wanaongea, muntu moja anamukaribia mukubwa anamunongonezea sentensi moja ku sikio, mukubwa anasimama, anageuka rangi, na kesho yake inchi muzima imebadilika. Kila muntu iko na siri yenye kuoza, na mwenye kuijua ile siri njo anapewa kitu. Sikuone hata siku moja mu ile seri muntu amepewa barabara juu aliiomba na heshima. Kisha mu flashi ileile kulikuwa emisyo (vipindi) za muntu wa kravati anaikala nyuma ya meza, kikombe mbele yake, anamucheka prezidenti wake wazi, jina kabisa, na watu mu sale wanapiga makofi kama wako ku harusi.

Siku ya kwanza tuliona ile, Papa Anisete, prezidenti wa komite yetu ya wakaaji, alikuwa ku kiti yangu, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Akaniuliza:

"Na huyu, wanamufunga saa ngapi?"

"Hawamufunge, Papa."

Akapapasa ile nusu ya kichwa yenye bado. "Basi uyo prezidenti wao iko muzaifu sana."

Na mi, na mashini mu mukono na kiburi ya mwalimu mu kifua, nikamujibu: "Hapana, Papa. Kule njo namna ya kuonesha muko marafiki. Ukitaka Muamerika akusikie, kwanza umuchekeshe."

Hakuna muntu alinituma kusema vile. Ilitoka tu.

Sasa niwaambie juu ya kilalo. Tulikuwaka na kilalo muzuri ya mbao ya kuvukia mutoni, maji ikaibeba. Tukalaza muti moja mukubwa juu ya mutoni, na kamba za musitu za kushikilia. Mwenye nguvu anavuka na kutetemeka. Mugonjwa tunamubeba ku tipoy, wanaume ine ku mabega, na maji ikipanda tunaikala chini tunangoja. Yaya wangu Mapendo (dada yangu mukubwa, njo alinilea tangu tulikimbia Masisi) alingoja pale na mutoto wake wa mwisho, Ezekieli, mwenye malaria ya kichwa. Mvua ilinyesha, maji ikakataa kushuka. Hopitali ilikuwa inaonekana ku ngambo ile, mabati yake, na hata watu wenye kupita mu kiwanja. Mutoto akamufia ku mugongo yake, na yaya hakujua, aliendelea kumutikisa-tikisa, mupaka mwanamuke moja akamuambia: "Mama, mushushe."

Kisha ile, Shefu akapata habari kwamba delegasyo itakuya na elikoptere, itatua ku kiwanja ya mupira, ndani kuko mama moja wa Amerika. Itaikala kidogo, kisha iende Walikale. Komite ikakutana mu kanisa kupanga vile tutamuomba kilalo, na hakukuwa mabishano: Mapendo njo ataongea, mutoto ni wake, uchungu ni wake. Yaya akakubali na kichwa. Papa Anisete akauliza kama kuko mwenye kuongeza kitu.

Ningekohoa tu. Ningefunga kiatu. Nikanyoosha kidole.

"Yaya atalia," nikasema, "na watu wa Amerika hawasikie kilio, wanasikia mwenye kujua politike yao. Muniachie mimi nifungue, nimutayarishe yule mama kidogo, kisha yaya amalizie."

Wakaangaliana. Wote walikuwa wamepita ku benchi ya salo yangu, wote walikuwa wamenisikia natafsiri, nani angenibishia? Yaya pekee njo aliniuliza, polepole:

"Mudogo wangu, uko na uhakika?"

"Yaya, ile mambo naionaka kila siku."

Na haikukuwa uongo, naionaka kila siku, njo ubaya yenyewe.

Nikaazima kostime ya pastere (mikono ilifika ku vidole vyangu, nikazikunja ndani). Kisha nikawaita vijana wa salo, wale wanashinda pale hata kama nywele zao hazijaota, nikawapanga nyuma ya watu. "Nikiinua mukono," nikawaambia, "mucheke na mupige makofi, ya nguvu, kama mu emisyo."

"Hata kama hatujasikia?" moja akauliza.

"Hata kama hamujasikia."

Elikoptere ikashuka na vumbi yake, mbuzi zikakimbia, vitenge vikaruka juu, wamama wakavishika. Nikangoja kuona mwanamuke mulefu wa viatu virefu anashuka mbio, watu wa makaratasi nyuma yake. Akashuka mama mufupi wa bote ya mvua, kofia ya majani ku kichwa, anatembea polepole, anaangalia pa kukanyaga. Nyuma yake walinzi wenye kuvaa gileti ku kifua, na radio, na mutafsiri, kaka moja wa Goma mwenye heshima. Ile mutembeo tu ingenifungua macho. Sikufunguka.

Akamusalimia Shefu, akamuuliza kitu. Mutafsiri akasema: "Mama anauliza mutoni iko upande gani."

"Mutoni itakuya nyuma," nikamujibu mi mwenyewe, hata Shefu hajafungua kinywa. "Kwanza hotuba."

Nikapanda ku kisanduku, nikaanza na prezidenti wao. Sitawarudilia ile neno nilisema. Mu televizyo ilikuwa tamu, na ku kiwanja ya mupira ya Pinga, mbele ya Shefu na askari na pastere mwenye kuninginia macho ku kostime yake, ilikuwa matusi. Mutafsiri akaniangalia: "Papa, na hii niitafsiri?" Nikasema tafsiri. Akaitafsiri na sauti ya muntu anayekunywa dawa chungu. Yule mama akatabasamu kidogo sana, ile tabasamu ya kufungia muntu mulango. Shefu akainamisha kichwa. Hakuna aliyecheka, na vijana wangu walikuwa wananingojea mukono, na mi, kwa hofu, nikasahau kuiinua.

Basi nikaamua niache mucheko niingie mu uzito. Nikasema hapa kati yetu kuko mama, mutoto wake alimufia ku mugongo juu ya kukosa kilalo, na ili mugeni amuone, nikainua mukono kumuonesha yaya Mapendo.

Vijana wakacheka.

Wakacheka na nguvu yao yote, vile niliwafundisha. Makofi, vigelegele, moja akapiga filimbi ya vidole. Nikapunga mukono kuwanyamazisha, wakaona ni alama ileile, wakaongeza. Wamama wakageuka kuangalia nyuma, hawaelewi. Yaya alikuwa ameisha simama ili aongee, amekamata kitenge yake ku tumbo na mikono yote mbili. Ile kelele ikamupiga pale. Yule mama wa Amerika aliangalia vijana, akamuangalia yaya, kisha akaniangalia mi, na hata leo nikifunga macho naona vile aliniangalia. Yaya akaikala chini polepole, kama muntu anaogopa kuamusha mutoto.

Muntu mwenye akili angepiga magoti. Angelia, angeomba musamaha kwa Kiswahili, na mutafsiri angefanya kazi yake. Lakini mi kichwa yangu ilikuwa imejaa kulwari. Nikamuona yule mama anaacha Shefu, anaanza kutembea, nikajisemea: anaenda, inapotea, njo saa yenyewe hii ya kumukaribia. Nikashuka ku kisanduku, nikamufikia, nikatembea sambamba naye, hatua za haraka, mukono mu mufuko, nikainama ku sikio yake nikamuambia ile sentensi moja ya Kiingereza nilijua muzima muzima, ile muntu wa seri alimuambiaka mukubwa na wakamupa yote alitaka. Maana yake ni hii: tunajua yote ulifanya, na tuko na watu wetu kila mahali.

Mu seri, kisha ile, mukubwa anasimama anauliza: unataka nini? Na mi ningejibu: kilalo.

Alisimama, ile ni kweli. Aligeuka rangi, ile pia ni kweli. Lakini hakuniuliza kitu. Akamuambia mulinzi neno moja. Muko munajua huku kwetu, kila kilima na wenye bunduki zake, muntu akikuambia tuko na watu kila mahali, hauulize ni watu gani. Walinzi wakamuzunguka, radio zikaanza kulia, elikoptere ikaanza kuzungusha mapanga yake, na vumbi ikapanda tena, na watu wakaanza kukimbia bila kujua wanakimbia nini. Mutafsiri akanikamata ku shingo ya kostime:

"Ulimuambia nini?"

Nikamuambia. Akaweka mikono ku kichwa.

"Papa, huyu mama haiko muntu wa politike! Ni enjenyeri wa vilalo. Alikuya kupima mutoni. Na pale alikuwa anaenda kwa ule mama mwenye kufiwa, alitaka amupatie pole."

Akakimbia asiachwe. Elikoptere ikapanda, ikapita juu ya mutoni, ikaenda.

Askari wakaniikalisha chini ya bendera, jua ikawaka juu yangu na ile kostime, wananiuliza wale watu wetu wa kila mahali ni nani, wako wangapi, wanalala wapi. Nikawaeleza habari ya seri. Hawakuamini. Ikabidi twende mu salo, niweke flashi, nitafute pale penyewe. Mukubwa wao akaangalia, akaniambia nirudilie, akaangalia tena, kisha akasimama. "We uko mujinga tu," akasema. "Enda." Sijapata ku maisha yangu musamaha yenye kuuma vile.

Nilifikia kwa yaya, nikamukuta anachambua maharagi. Nikapiga magoti kwenye maganda. Hakunifukuza, hakunitukana, ningependa anitukane. Nikamuomba aniambie ile alikuwa ametayarisha, nikifikiri atakataa. Akasema bila kuinua macho:

"Nilitaka kumuambia hivi: Mama, labda na we uko na mutoto. Wangu alikuwa anaitwa Ezekieli. Hopitali ilikuwa pale, nilikuwa naiona. Njo basi."

Nikangoja ingine. Hakukuwa ingine. Akaendelea na maharagi yake, na mi nikabakia pale chini, na mu kichwa yangu nikaihesabia ile maneno yake na ile ya mi.

Shefu aliomba warudi. Walijibu kwa adabu kwamba usalama ya huku haieleweki, na kilalo yenye walikuwa wanafikiria wataiangalia mahali pengine. Iko mahali pengine sasa, sijue wapi, watu wa kule wavuke na amani. Sisi tuko na muti yetu. Maji ikipanda, nafunga salo naenda kubeba tipoy na wengine, na ku ukingo tunangoja, na hakuna anayenisemesha wakati tunangoja. Masika iliyopita tulingoja na mwanamuke wa kujifungua. Yeye alivuka. Mutoto hapana.

Televizyo ingali pale, nawawekea mupira, sauti chini, sitafsiri kitu. Na nimeapa mbele ya Mungu: muntu mwenye kinywa yake, sitamusemea tena, hata akinituma, hata wakinipigia makofi. Kuko bado wageni ku soko wenye hawajui habari yangu, wanaikala ku kiti, wanaona mashini ya kunyolea na televizyo, wanadhani kinyozi anajua dunia, wananiuliza Amerika iko namna gani. Nawaambia ukweli. Sijue. Niliiona mara moja tu, ilikuya kupima mutoni yetu, na mi nikaifukuza.