Bido la Baba Mkwe

Nilikulia Tanzania, kwa hiyo nilirudi Burundi nikijiona fundi wa maneno. Ulimi huohuo ulinigeuka kule Muyinga, siku tulipopeleka mahari kwa wakwe.

Mshenga wetu alinisifu kupita kiasi: huyu kijana anajenga handaki chini ya mji wa Gitega, kubwa hata mtu anatembea ndani bila kuinama. Baba mkwe akaniuliza mbele ya wote, "Mu hiyo handaki itapita nini?"

Yangepita maji machafu ya vyoo vya mji mzima. Lakini kwetu, mbele ya wakwe, hata mtu akibanwa na haja anasingizia simu. Nikajibu, "Maji, baba." Wazee wakapiga makofi. Mimi mjinga nikaongeza kwamba hayatakauka hata kiangazi.

Sehemu ya kwanza ilipofunguliwa, baba mkwe alishuka kwenye basi Gitega amevaa koti la kanisani, mkononi ana bido jipya la kutekea maji ya mkwe wake. Nilimzungusha mjini, nikamnunulia soda, nikamwonyesha kila kitu isipokuwa handaki. Hakusahau. Mwishowe nikampeleka hadi kwenye mdomo wa handaki, huku bado nakitafuta kile Kiswahili changu cha Tanzania.

Alisimama, akavuta pumzi, harufu ikamfika. Kisha akafunga kifuniko cha bido taratibu.

"Mkwe wangu," akasema, "kumbe mi sina kiu."