Siku Niliyopanda Juu ya Nyumba ya Mama Mkwe

Redio ilisema kuna kimbunga baharini. Jirani yangu, mama mmoja mcheshi ambaye shamba lake limepakana na langu hapa Ntobeye, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Bahari iko wapi na sisi tuko wapi? Hicho kimbunga kitapanda basi gani?"

Mimi sikucheka. Niliacha maharage niliyokuwa napepeta, nikaingia ndani kutazama bati. Ndivyo nilivyokuwa tangu ule upepo wa kwanza. Mtu akitaja upepo, mimi natazama juu, nahesabu ncha za misumari.

Kesho yake redio ikaongeza: hata mikoa ya huku ziwani itapata mvua kubwa na upepo mkali, ndani ya siku mbili. Jirani akaacha kucheka.

Lazima nieleze huo upepo wa kwanza, maana hapa kwetu watu wakiulizwa wanasema ilikuwa kazi ya Mungu. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini kazi ya Mungu na kazi ya watu naweza kuzitenganisha. Upepo ni wa Mungu, sikatai. Ila mikaratusi ya kule juu kilimani, iliyokuwa inatukinga tangu naletwa hapa kuolewa, iliuzwa yote na mwenyekiti wetu wa kijiji wa wakati ule. Mkutano hakuitisha. Tulisikia tu mashoka. Na bati la nyumba yangu lilipigwa na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, fundi. Misumari tulimkabidhi ya kutosha, niliibeba mimi mwenyewe kichwani kutoka Rulenge. Bati unalipiga msumari kwenye mgongo mmoja, unaruka mmoja. Yeye alipiga mmoja, akaruka mitatu. Misumari iliyobaki ilikwenda kwake, maana naye alikuwa anaezeka mwezi huohuo.

Ulipokuja ule upepo, saa tisa mchana, bati la pembeni lilifunuka, upepo ukapata pa kuingilia. Hapo ukabeba kila kitu, mbao za papi na za kenchi, ukavuta na tofali za juu. Ukuta ukaangukia chumbani. Mume wangu alikuwa amelala, ana malaria. Hakuamka tena. Mama yake, mama mkwe wangu, alivunjika paja. Hospitali walimtibu vizuri akapona, lakini kutembea ndiyo basi. Paa la shemeji halikucheza hata kidogo. Lilikuwa na misumari yangu.

Nyumba tunayokaa sasa tulijengewa na wanaukoo. Kuezeka akapewa nani? Huyohuyo. Mimi nilikuwa bado kwenye matanga, nani angenisikiliza? Nyumba haina dari, kwa hiyo ukilala chali unaona kila msumari ulipotokea. Niliona. Karuka mitatu tena.

Basi redio iliposema siku mbili, nilikwenda kwake.

"Shemeji, lile bati."

"Na wewe unasikiliza redio! Nina kazi ya watu Rusumo. Jumamosi nikirudi."

"Jumamosi utaezeka nini, shemeji? Kaburi?"

Akasonya, akaendelea kunoa msumeno. Mafundi wengine niliowafuata walikuwa kila mtu juu ya nyumba yake. Binti yangu aliyeolewa Biharamulo akapiga simu: "Mama, njooni huku na bibi." Mama mkwe akasema hawezi kwenda kufia kwenye pikipiki na lile paja lake. Kumwacha peke yake chini ya lile bati sikuweza. Mmoja nilishamwacha hivyo, nilikuwa kisimani.

Misumari nilikuwa nayo, nilinunua taratibu mwaka mzima bila kumwambia mtu. Nilikuwa na kamba nene pia, zile za kufungia maturubai ya malori. Nyundo ipo, ngazi ya jirani ipo. Kilichokosekana ni mwanaume, kwa sababu kwetu mwanamke hapandi juu ya nyumba. Enzi za nyasi sisi tulikata majani, tukayabeba, tukamrushia mwanaume aliye juu. Kupanda mwenyewe ni mwiko, na juu ya kichwa cha mama mkwe aliye ndani ndiyo matusi kabisa.

Nilikaa miguuni pa kitanda chake. Nikamwambia, "Mama, nataka kupanda." Niliogopa jibu lake kuliko upepo.

Akauliza, "Mwiko unasemaje? Usipande mimi nikiwa wapi?"

"Ndani, mama."

"Basi nitoe nje."

Jirani alisaidia. Tulimweka kwenye kiti cha mbao, tukambeba mpaka kwenye migomba, tukamfunika kitenge. Akaitazama ile nyumba kama mtu anayetaka kuinunua. "Sasa hilo ni banda tu," akasema. "Banda halina mwiko. Panda."

Jirani akashika ngazi. "Ukianguka usiniangukie mimi, nina watoto wadogo."

"Mtoto wako wa mwisho si yuko jeshini?"

"Ndiyo huyo."

Nilicheka, nikapanda. Lakini mtu asidhani mimi ni jasiri. Kufika kwenye bati nilishindwa kusimama, nikatambaa kama mtoto. Kilima kile cheupe kisicho na mti nilikiona chote kutoka pale, na wingu jeusi nyuma yake. Nikaona nikiendelea kutazama kule nitashuka. Nikaangalia mgongo mmoja tu wa bati. Nikaweka msumari, nikagonga. Nikaangalia mgongo mwingine. Hofu haikuondoka, ila ilikosa nafasi, maana mtu anayelenga msumari hawezi kutetemeka sana. Nilijigonga kidole mara mbili hata hivyo.

Mama mkwe alikuwa fundi mkuu pale chini. "Umeruka! Rudi nyuma! Hapo kushoto linacheza!" Macho yake hayaoni uzi wa sindano, lakini bati linalocheza aliliona.

Nilikuwa nimefika katikati nikasikia pikipiki. Shemeji, na mfuko wake wa vifaa, ndiyo kwanza anakwenda Rusumo. Akasimama.

"Shuka! Shemeji, shuka! Unamtukana kaka yangu na mama!"

Mama yake akajibu. Hakupaza sauti.

"Yeye kapanda mimi nikiwa nje. Wewe uliruka misumari, ukaniacha nilale ndani. Kati yenu nani kanitukana?"

Shemeji akashuka kwenye pikipiki, akavua kofia ngumu. Akasema, "Basi ashuke, nimalizie mimi."

"Hapana," nikasema. "Wewe nirushie misumari."

Alirusha. Kama sisi tulivyokuwa tunawarushia majani, alisimama chini akirusha michache michache, mimi nikidaka kwa upindo wa kitenge. Watu wameniuliza kama siku ile nilimsamehe. Sikumsamehe. Alirusha misumari vizuri, basi. Tulipomaliza alichukua kamba, akazipitisha juu ya paa, akazifunga kwenye mawe makubwa pande zote, mafundo magumu kweli. Rusumo hakwenda. Mwenyekiti yule wa zamani naye alipita, akasema, "Poleni na kazi." Hakuna aliyeitikia.

Upepo ulikuja kesho yake mchana. Kwanza kukawa kimya, kuku wakaingia ndani wenyewe. Kisha ukashuka kutoka kwenye kile kilima kitupu, mfululizo. Nilikuwa nimekaa sakafuni, nimeshika mguu mzima wa mama mkwe. Bati liliguna. Mimi nikaanza kulia.

"Hesabu," akasema.

"Nini, mama?"

"Misumari. Si ndiyo kazi yako? Hesabu kwa sauti, na mimi nisikie."

Nikahesabu, yeye akifuatisha, mstari kwa mstari, mvua ikipiga mpaka hatusikizani, tunaona midomo tu. Mstari ukiisha tunaanza mwingine. Jikoni kwa nje bati moja liling'oka likaenda zake. Migomba ililala karibu yote. Juu yetu hapakufunuka hata upana wa ukucha. Mvua ilipokatika tulikuwa tumehesabu paa zima mara tatu.

Tangu siku hiyo sisubiri fundi. Kabla ya kila msimu wa mvua napanda kukagua, na wazee wa ukoo wameshachoka kuniita vikaoni. Redio ikitaja upepo, hata wa nchi nyingine, mama mkwe ndiye wa kwanza kuniita.

"Mkamwana! Leta kiti. Nitoe nje."