Siku Niliyosema Tunakimbia

Harufu ya lori lililobeba ng'ombe haitoki kwa maji. Nasema hivyo kwa sababu tulijaribu. Mama alimwaga ndoo nne, mimi nikasugua kwa ufagio wa nje mpaka mikono ikawaka moto, na bado harufu ilibaki pale kwenye mbao: mavi ya ng'ombe, dizeli, nyasi kavu, na kitu kama vitunguu vilivyooza katika safari ya zamani ambayo haikutuhusu. Ilikuwa Cheptiret, kando ya barabara kuu, nyuma ya nyumba ya nyanya yangu, na jua lilikuwa limeshapita utosini. Nilikuwa na miaka kumi, au labda nilikuwa naingia kumi na moja. Sikusoma mbali, na daftari ninaloandikia mambo yangu nililianza nikiwa mtu mzima, kwa hivyo ya siku ile nayaandika kwa kichwa tu. Kuna mahali nitakosea. Nikijua nimekosea nitasema.

Nyanya yetu tulimwita Shosho, kama watoto wengi wa bara wanavyoita. Alikuja Cheptiret kutoka upande wa kati akiwa msichana aliyeolewa juzi, akafungua duka la sukari, chumvi na mafuta ya taa, na akakaa pale mpaka watu wakasahau kwamba alitoka mahali pengine. Jirani yake alikuwa Mama Chebet, Mkalenjin wa palepale, mkulima wa mahindi mwenye ng'ombe watatu wa maziwa. Ule mwaka mbaya, watu walipochomeana nyumba baada ya kura, Mama Chebet alimficha Shosho kwenye ghala lake la mahindi siku sita. Hayo sikuyaona, niliyasikia tu, na Shosho mwenyewe hakupenda kuyaeleza. Alichosema ni kwamba mahindi makavu yanawasha shingo. Mambo yalipotulia alitoka, akafagia duka lake, akaendelea kuuza chumvi. Watu wengi wa kwao waliondoka wakati ule. Yeye alibaki, na kubaki kwake kukawa kama heshima kati ya hizo nyumba mbili, heshima ambayo haikutajwa lakini kila mtu aliijua.

Sasa magoti yalikuwa yamekataa. Mama yangu, Wambui, alikuwa na nyumba ya kupanga mjini Eldoret, akampatia Shosho chumba jirani na chetu, karibu na hospitali. Hiyo tu ndiyo sababu ya kuhama. Lakini ulikuwa mwezi mmoja kabla ya kura nyingine, na mwezi kama huo, mtu wa kabila la Shosho akipakia godoro kwenye lori, haonekani kama mtu mwenye magoti mabaya. Anaonekana kama mtu aliyesikia kitu. Waliosema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka hawakukosea, na pale Cheptiret kila nyumba ilikuwa imeumwa, hata zile ambazo nyoka alitoka kwao. Shosho alilijua hilo kuliko sisi. Alitaka ahame mchana kweupe, saa mbili asubuhi, mlango ukiwa wazi, chai ikinywewa uani na majirani. Kabati lipande kwanza, godoro mwisho, na lori lisifunikwe turubai kabisa, kwa sababu wale waliokimbia zamani walipita na malori yaliyofunikwa. Alitaka aagwe. Kwake hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko vyombo vyenyewe: Mama Chebet asije akafikiri hata dakika moja kwamba baada ya zile siku sita bado hakuaminiwa.

Lori ndilo lililotuharibia. La kwanza Mama alikuwa ameliagiza wiki nzima mbele, na asubuhi ile dereva akapiga simu kwamba amepata mzigo wa mahindi kule kituo cha Ziwa, tumsubiri jioni. Mama alimjibu maneno ambayo sitayaandika. Wa pili alikubali, akauliza ni mzigo gani, akaambiwa ni vyombo vya nyumba, akasema yeye mwaka wa kura habebi vyombo vya nyumba, akakata simu. Wakati huo majirani walikuwa wameshakuja. Walikaa kwenye viti vya Shosho, wakanywa chai ya Shosho, wakamwombea. Mama Chebet alileta maziwa. Saa nne ikafika, saa tano ikafika, lori hakuna, na mtu hawezi kuaga mtu ambaye haendi. Mmoja mmoja wakasema wana ng'ombe, wana shamba, wakaenda. Shosho alibaki ameketi katikati ya viti vitupu, mkoba mapajani, kama mtu aliyealika harusi na bwana harusi akakosa kuja.

Wa tatu ndiye aliyekuja, saa saba na nusu. Alikuwa Mzee Adan, Msomali mwenye ndevu zilizotiwa hina, ambaye kazi yake ilikuwa kusafirisha ng'ombe kutoka kaskazini. Kwa miaka mingi nilimlaumu huyu mzee kwa kuchelewa. Sasa naona sikumtendea haki. Tulimpigia saa tano, gurudumu likampasukia njiani, na alikuja siku ambayo wengine walikataa. Alishuka, akaangalia vyombo, akamwangalia Mama, akauliza kwa upole, "Mama, munahama ama munahamishwa?"

"Tunahama," Mama akasema.

"Sawa. Mimi nauliza kwa sababu mwaka huu watu wakiita lori wanasema wanahama, wakiingia ndani wanasema endesha haraka."

Tuliosha lori, kama nilivyosema, na saa moja nyingine ikaenda hapo. Tulipoanza kupakia, wingu lilikuwa limesimama juu ya mashamba, jeusi kama sufuria ya kuni. Yale mambo yote aliyopanga Shosho yakaanza kupinduka. Godoro likapanda mapema ili lisilowe. Mama alikuwa juu anavuta, Mzee Adan chini anasukuma, kila mtu anasema upesi, upesi. Ukituangalia kutoka barabarani ungesema nini? Hata mimi ningesema. Kisha kamba ya Mzee Adan ikakatika, imeliwa na jua, kabati likayumba. Shosho akaniambia nikimbie kwa Mama Chebet nimwombe kamba ya ng'ombe, maana mvua inakuja.

Nilikimbia. Mama Chebet alikuwa uani kwake na wanawake wengine wawili, wanapukuchua mahindi. Nilikuwa nahema. Nilisema, "Shosho anaomba kamba. Tunakimbia." Nilitaka kusema tunakimbia mvua. Mara nyingine naamini kabisa kwamba lile neno la mwisho nililisema likamezwa na ngurumo. Mara nyingine najua sikulisema. Nimelipindua huku na huku, na ukweli ni kwamba sijui. Ninachojua ni kwamba mikono ya wale wanawake ilisimama ndani ya mahindi.

Mama Chebet akauliza polepole, "Nani amewaambia?"

Nikajibu, "Ni Shosho."

Nilidhani anauliza nani ametuambia tuje kuomba kamba. Mtoto hawezi kujua kwamba katika nchi yetu kuna neno ambalo lilipata mzigo mwaka mmoja na halijautua tena. Mwanamke mmoja aliinuka, akatoka hadi barabarani, akaanza kuita watoto wake kwa majina. Wa pili akafunga kitambaa vizuri kichwani, akaenda bila kuaga. Nilirudi mikono mitupu. Kabla sijafika nikasikia duka la kwanza likifungwa, lile la mabati, kisha la pili. Ulimi hauna mfupa, ndiyo, lakini siku ile niliona jinsi unavyoweza kufunga milango ya chuma.

Kando ya stendi kulikuwa na fundi cherehani, Baba Njoki, mtu wa kwa kina Shosho pia, mpole, aliyekuwa akinipa vipande vya vitambaa vya kutengenezea wanasesere. Nilimwona anafunga cherehani yake nyuma ya pikipiki ya bodaboda. Mkewe alikuwa kwenye pikipiki nyingine, mtoto mgongoni, sufuria mkononi. Hakuuliza mtu. Aliliona lori letu, aliona godoro, akasikia milango, ikamtosha. Waliondoka kwa barabara ya Nakuru. Mwangalie basi huyo mtu, kisha uniambie kama alikosea. Mimi sijaweza kusema alikosea.

Wanaume wachache wakaja kusimama karibu na lori. Hawakuja kwa ubaya, waliuliza tu kuna nini, tumeambiwa nini, na nani. Wao pia waliogopa. Hilo nililielewa nikiwa mkubwa. Shosho hakuelewa swali. Ndipo Mama Chebet akaja, kamba mkononi, akapita katikati ya wale wanaume, akasimama mbele ya Shosho.

"Mama Wambui," akasema, "ni mimi unakimbia?"

Shosho akashika magoti yake. "Nakimbia nini na magoti haya?"

"Mtoto amesema mnakimbia."

"Kama ningekukimbia, ningekukimbia ile siku ulikuwa na ufunguo wa ghala na mimi nilikuwa ndani."

Wote wakanigeukia. Hapo ndipo ninapojilaumu, zaidi ya lile neno lenyewe. Neno liliniponyoka, lakini kunyamaza nilikuchagua. Ningesema tu, nilimaanisha mvua. Nilimtazama Mama, nikatazama miguu yangu, nikanyamaza. Kisha matone yakaanza kupiga boneti ya lori, makubwa, machache, na Shosho akainua uso, akatazama wingu, akanitazama mimi, akaelewa. "Mvua," akawaambia. "Mtoto alikuwa anakimbia mvua." Mwanaume mmoja akapumua kwa nguvu. Mwingine akasema watoto wa siku hizi, Kiswahili wanakula nusu. Shosho akageuka kutafuta Baba Njoki, akaona mlango wake na kufuli.

Mzee Adan akauliza afunike ama asifunike. Vyombo vilikuwa vinalowa. Shosho akakataa, akasema heri vioze. Mama alikaribia kulia. Alikuwa amechoka na siku yote, na kwa haki yake, vile vyombo ni yeye aliyekuwa amevinunua vingi. Mama Chebet ndiye aliyekata shauri. Akamtupia Mzee Adan kamba, akamwambia afunike na afunge vizuri. Kisha akafungua mlango wa mbele wa lori, akapanda na shuka lake na viatu vya shamba, vyenye matope.

"Mimi nitakaa mbele," akasema. "Wacha wanione."

Tukaenda hivyo. Mama alikaa nyuma chini ya turubai akishikilia kabati. Mbele tulikuwa dereva, Shosho, mimi katikati, na Mama Chebet dirishani, kioo kimeteremshwa ingawa mvua ilikuwa inaingia. Katikati ya Cheptiret alimwambia Mzee Adan apunguze mwendo. Akasalimia kila mlango, uliofungwa na ulio wazi, kwa jina. Nyuma yetu nilisikia duka moja linafunguliwa. Moja tu. Mengine sikusikia, huenda ni kelele za mvua.

Kura zilipita, na upande wetu kulikuwa kimya. Shosho aliishi Eldoret miaka tisa, na Mama Chebet alikuwa akija na maziwa kila anapopata njia, mpaka alipokuja mara ya mwisho kumzika. Baba Njoki hakurudi. Mwenye nyumba alingoja, kisha akakata lile kufuli. Siku hizi pale panauzwa vocha na vifuniko vya simu, na msichana anayeuza hajawahi kusikia jina hilo. Mjini watu wanahama kila mwisho wa mwezi, lori linaitwa kwa simu, linakuja au linachelewa, watu wanagombana na dereva kuhusu ngazi na jokofu, na wapita njia hata hawageuki. Nafurahi kwamba hawageuki. Lakini sijui kama ni amani au ni kwamba hawa hawakuwepo wakati ule. Mwaka wa kura ukifika, mimi bado nageuka.

Mwaka jana nilimtembelea Mama Chebet, nikamwambia ninaandika habari za siku ile, na kwamba nataka watu wajue alivyokuwa jasiri. Amezeeka, haoni vizuri. Aliniambia nisimwandike vizuri sana. Alisema alipanda lori kwa sababu ya woga. Alikuwa na wavulana wawili wakubwa nyumbani, na kama Shosho angeondoka siku ile ikisemekana amekimbia, halafu jambo litokee, majina ya kwanza kutajwa yangekuwa ya watoto wake. Tena akasema mtoto alipokuja na lile neno kama yeye angeuliza swali moja tu, mnakimbia nini, na Baba Njoki angekuwa anashona mpaka leo. Hakuuliza, kwa sababu alikuwa analingoja hilo neno kwa wiki nzima.

Shosho alikufa akiamini alisindikizwa kwa upendo. Nikamwambia Mama Chebet kwamba mimi nilikuwa katikati yao, na kwamba tangu tulipoacha nyumba ya mwisho ya Cheptiret, mahali ambapo hakukuwa tena na mtu wa kutuona, mkono wake ulipita juu ya mapaja yangu ukashika wa Shosho, na haukuachilia mpaka Eldoret. Nilikumbuka hata uzito wake. Mama Chebet akafikiri, akatikisa kichwa, akasema hakumbuki mkono wowote. Nimeandika yote mawili hapa, lake na langu.