Glasi ya Saa Kumi

Nyumbani kwetu Thika watu walikula kwa zamu. Baba alianza, akafuata kaka yangu, kisha nyanya, yaani mama yake baba, kisha mimi. Ba, ndivyo tulivyomwita mama kwa Kigujarati, alikula mwisho kabisa, amechuchumaa jikoni, akikwangua sufuria kwa kipande cha chapati kilichopoa. Dengu zikiisha alikula chapati kwa chumvi na pilipili. Mimi nilidhani anapenda pilipili.

Siku hizi mtu akisikia Mhindi anafikiria duka na gari. Baba alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka la mtu mwingine, nasi tulikaa vyumba viwili nyuma yake. Tulikuwa na cherehani na nyanya.

Ba alikuwa amezaa mara sita, tukabaki wawili. Mgongo ulianza kumuuma, kisha nyonga, kisha mapaja. Nyanya akatoa hukumu: upepo umeingia kwenye mifupa, na unaletwa na vitu vichachu. Ba akakatazwa mtindi. Akakatazwa hata ule mtindi mwepesi wa maji na chumvi aliokuwa akinywa mchana, kitu pekee katika nyumba ile ambacho hakuna aliyekigombania. Tena akaambiwa afunge kila Jumatatu ili upepo utoke. Maumivu yalipozidi, akaongezewa Alhamisi. Mpaka leo nikiikumbuka hiyo Alhamisi hasira hunipanda.

Aliyeona mambo ni mama mmoja aliyetuletea chupa ya maziwa kila asubuhi kutoka upande wa Ruiru.

"Haiya! Mama yako natembea hivyo kwa nini?" aliniuliza. "Ni kama amebeba kuni, na mimi sioni kuni. Hii maziwa naleta, yeye nakunywa?"

Nikamwambia ni ya baba na kaka. Akanishika bega.

"Ambia baba yako apeleke yeye kwa daktari. Ambia leo."

Nilimwambia, na mara hiyo moja baba alisikia. Daktari alikuwa Mzungu. Yeye alisema Kiswahili, mimi nikamtafsiria Ba. Alimbonyeza muundi wa mguu kwa kidole kimoja tu, Ba akalia. Mifupa imelainika, alisema. Anywe glasi ya maziwa kila siku, na aote jua asubuhi, mikono wazi.

Jua lilishindikana. Uani kulikuwa na kivuli kutwa, na barazani wanaume walikuwa wakipimwa suruali. Lakini glasi nyanya aliikubali, maana alimwogopa daktari kuliko miungu yake. Chupa zikawa mbili.

Wanasema mgonjwa haulizwi uji. Ba naye alipewa maziwa yake bila kuulizwa, kila siku saa kumi, kwenye glasi ya shaba. Aliingia nayo jikoni, akaniita, akafunga mlango.

"Kunywa."

"Ni dawa yako, Ba."

"Msichana hapewi maziwa katika nyumba hii. Glasi hii daktari ametuombea. Mifupa yangu imeshamaliza kazi, yako ndiyo itabeba watoto. Kunywa upesi, ufute mdomo."

Nilikuwa na miaka kumi. Siku za kwanza nilibisha. Baadaye nikawa naikimbilia saa kumi mwenyewe. Alitia sukari kidogo, na sitadanganya, yalikuwa matamu.

Mwaka wa pili Ba aliinama kuepua sufuria ya wali. Niliusikia mfupa kwanza, kisha nikamwona akianguka. Lilikuwa paja.

"Mama alikunywa maziwa?" daktari aliuliza hospitalini.

Nyanya akaapa kwamba alimpa kila siku kwa mkono wake, na kweli alimpa. Daktari akanigeukia mimi. Ba, midomo imemkauka, akanitikisia kichwa kidogo sana, nami nikaelewa.

"Kila siku," nikasema. "Glasi nzima."

Daktari akakunja uso. Basi huu ni ugonjwa mwingine, alisema, na yeye haujui. Tulipofika nyumbani nyanya akatangaza kwamba maziwa hayasaidii kitu, na chupa ya pili ikasimamishwa.

Ba hakutembea tena. Alilala miaka mitatu karibu na ukuta wa jikoni, akikunja chapati zetu kwa mikono tu, hadi alipokufa. Kwa miaka hiyo yote sikumwambia mtu. Niliona haya, na bado naona.

Juzijuzi, na uzee wangu huu, niliteleza kwenye ngazi huko Ruiru, nikabiringika mpaka chini. Daktari kijana alizishika picha za mifupa yangu, akatabasamu.

"Shosho, hakuna hata ufa. Kwani ulikuwa unalishwa nini?"

"Maziwa," nikamwambia. "Glasi moja, saa kumi."

Akasema mama yangu alijua kulea. Nikateremka kitandani, nikatembea mwenyewe hadi mlangoni.