Pini ya Afande Odeke

Mniwie radhi, ndugu zangu, kwa kimya cha miezi mingi. Wengine mliniuliza kama naumwa. Sikuumwa. Nilikuwa na jambo ambalo sikutaka kuliandika, na sasa sina budi.

Afande Odeke wa Namakwekwe, Mbale, amefariki. Presha. Nimemzika kwa mikono yangu na bado siamini. Tangu nirudi hapa nyumbani Nalufenya, Jinja, sikai kitini dakika tano. Nainuka, naenda dirishani, narudi.

Wengi mnanijua kama mwalimu mstaafu. Wachache mnajua kwamba mimi na huyu askari magereza mstaafu tulikuwa tukirusha ndege ndogo za rimoti.

Yake ilikuwa na mota. Yangu ni glaida: haina mota, ila betri ndogo ya kusogeza mkia; huelea kwa upepo tu. Basi ndege yake iliibeba yangu mgongoni, ikapanda nayo juu, kisha yeye akafungua pini iliyozishikanisha kwa rimoti yake na mimi nikaiongoza glaida kwa rimoti yangu.

Siku ya kwanza uwanjani Namatala, dereva mmoja wa boda boda alipiga kelele: "Wazee, hiyo ndege imebeba mtoto bila leso! Ataanguka!" Odeke akamjibu: "Huyu mtoto iko na pini, bwana. Wewe chunga abiria yako."

Nilimsahihisha Kiswahili chake miaka yote. Alikuwa akiniitikia "Ndiyo, mwalimu," kisha anarudia kosa lile lile, kwa makusudi, akinitazama usoni.

Alikuwa na utaratibu mmoja. Nikisema "Niko tayari," hakufungua pini. Aliuliza kwanza: "Umesema?" Nami nijibu: "Nimesema." Ndipo aifungue. "Gerezani mlango haifunguliwi kwa neno moja," aliniambia. Wakati mwingine niliona ananichosha.

Sasa niwaambie kuhusu siku ya mwisho.

Nilikuwa nimewasha glaida, nikajaribu mkia, ukatikisika vizuri. Ng'ombe wakaingia uwanjani. Tukasubiri, tukasubiri. Walipoondoka, tukarusha. Sikuujaribu mkia mara ya pili. Mtu wa umri wangu, nilijiambia, hahitaji kukagua kitu mara mbili.

"Niko tayari." "Umesema?" "Nimesema."

Pini ikafunguka. Glaida ikainuka taratibu kutoka mgongoni, ikapendeza mno. Nikaielekeza kushoto. Haikugeuka. Kulia, haikugeuka. Ikaenda moja kwa moja, ikapita juu ya mashamba ya mpunga, ikapotea.

Nikamgeukia Odeke mbele ya watu wote. "Pini yako ya kienyeji imekata antena yangu! Afisa mzima wa magereza, hujui hata kufunga pini!"

Vijana wa boda wakacheka. Mmoja akasema, "Afande, leo mfungwa ametoroka!"

Odeke hakucheka. "Pini iko sawa, mwalimu," alisema. Mara moja tu. Akaibeba ndege yake kwapani, akaenda zake.

Nilikuwa kwenye gari la kurudi Jinja, tumekaribia Iganga, nilipokumbuka. Wakati tunawasubiri ng'ombe, niliizima swichi ya glaida ili betri isiishe. Sikuiwasha tena. Nilikiona kidole changu juu ya swichi ile, wazi kabisa, kama ninavyokiona sasa.

Sikumpigia simu. Wiki ya kwanza niliona aibu. Mwezi wa pili niliona nimechelewa. Baadaye nikajizoeza kutofikiri. Yeye naye hakupiga. Nikajiambia amekasirika, na nikaona hilo linanitosha.

Kisha simu ikaja, na haikuwa yake. Ilikuwa ya Amongin, binti yake.

Baada ya mazishi Amongin aliniita ndani. Juu ya kabati ilikuwepo ndege ya baba yake, na mgongoni mwake, imefungwa kwa pini, glaida yangu. Bawa moja lilikuwa limeunganishwa kwa gundi na utepe.

"Aliitafuta kwenye mpunga siku tatu," Amongin alisema. "Alirudi na matope mpaka hapa."

Akaendelea mwenyewe.

"Aliikuta swichi imezimwa, mzee. Nikamwambia, baba, mpigie mwalimu basi. Akakataa. Akasema, 'Wacha. Atakuja mwenyewe.'"

Nikaigusa swichi. Ilikuwa imepakwa rangi nyekundu. "Ni rangi yangu ya kucha," alisema. "Aliniomba. Alisema macho ya mwalimu imeanza kuzeeka."

Nilitoka nje, nikasimama nyuma ya jiko lao kwa muda mrefu.

Nilipokuwa naaga, Amongin aliniuliza: "Mzee, tuzirushe? Mimi nitashika ya baba, alinifundisha. Wewe shika yako." Anarudi kazini Soroti mwisho wa mwezi, na nyumba ya kupanga wanairudisha kwa mwenyewe. Nisiporusha kabla ya hapo, zitafungwa kwenye boksi na kupelekwa kijijini.

Nilimwambia nitafikiri. Ndicho ninachofanya hapa, kutoka mlangoni hadi dirishani. Najiuliza nani ataniuliza lile swali kabla ya pini kufunguka, na kama nina haki ya kuulizwa. Kisha nafikiria boksi, na siwezi kukaa.

Mliokuwepo uwanjani siku ile, mkacheka kwa sababu yangu: alisema kweli. Pini ilikuwa sawa.

Afande, swichi niliizima mimi.

Umesema?

Nimesema.

Lala, rafiki yangu, bila kinyongo nami. Kuhusu kurusha bado sijui. Nikishaamua nitakuandikia hapa hapa, mbele ya watu, kwa kuwa mbele ya watu ndipo nilipokutukana.